JOGOO MGENI AKIINGIA BOMANI
Maneno tuliyozungumza na vikundi vya wafugaji wa kuku, Isiolo

Leo hatuzungumzi habari za mayai wala za bei ya sokoni. Tunazungumza habari ya damu. Katika kutembelea vikundi tumeona majogoo wengi wakiharibika, na si kwa ugonjwa wala kwa mwewe. Wameharibiwa na kuku wenzao, tena katika wiki ile ya kwanza ya kufika.

Tukumbushane kwanza tumetoka wapi. Kutoka mwisho wa mwaka 2020 hadi 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Ng'ombe walikufa wakiwa wamelala njiani, na familia nyingi hapa zikabaki na mbuzi wachache na kuku. Wako wazee wetu waliokuwa wakisema kuku ni ndege tu, hawezi kulipa mahari. Ni kweli, mahari halipi. Lakini unga ananunua, na kalamu ya mtoto ananunua, na hahitaji kupelekwa malishoni Merti.

Kwa hivyo jogoo aliyenunuliwa kwa pesa ya chama si jambo dogo. Akitobolewa jicho leo, akafa kesho, ni watu ishirini waliopoteza. Kuna kikundi kimoja ambapo jogoo wa jirani aliruka ua wa miiba akamuua jogoo wa kikundi mchana kweupe. Nyumba mbili zikaacha kusalimiana. Shauri likafika kwa wazee. Sasa, wazee wana taratibu za ngamia aliyeuawa na mbuzi aliyeibwa, lakini jogoo aliyeuawa na jogoo mwenzake, nani alipe? Walikaa asubuhi nzima hawakupata jibu. Tunaona ni afadhali tulipate sisi kabla ya vita kuanza.

Kwa nini wanapigana

Tunasikia mtu akisema, "Wacha wapigane wajuane, hao ni wanaume." Maneno hayo yana ukweli nusu. Kuku huishi kwa vyeo. Kila mmoja katika boma anajua ni nani anayemdonoa yeye, na ni nani yeye anaweza kumdonoa. Jambo hili lilielezwa vizuri na mtu mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye tangu utotoni alikaa akiwatazama kuku na kuandika ni nani anampiga nani. Alichapisha maelezo yake mwaka 1922, na mpaka leo wataalamu wanayatumia. Mama yeyote mwenye kuku kumi angeweza kumweleza hayo hayo, lakini yeye ndiye aliyeyaandika.

Vyeo vikishapangwa, boma linatulia. Mwenye cheo akiinua shingo tu, mdogo anaondoka. Ukileta mgeni, hana cheo chochote, na hesabu yote inaanza upya. Kwa majike ni kudonoana na kufukuzana siku chache, halafu basi. Kwa majogoo wawili wazima wa umri mmoja na ukubwa mmoja ni vita kamili, maana hakuna anayeona sababu ya kukimbia. Mafahali wawili hawakai zizi moja, nanyi wafugaji wa ng'ombe mnalijua hilo kuliko sisi.

Halafu kuku anamjua mwenzake hasa kwa kichwa, kwa umbo na rangi ya undu. Ndiyo maana ile hila ya kuwapaka wote mafuta ya taa au siki ili wanuke sawa haisaidii kitu. Kuku anatazama kuliko anavyonusa. Na ndiyo maana jogoo wako mwenyewe, ukimtenga wiki mbili tatu akiugua na kisha ukamrudisha, anaweza kupigwa kama mgeni kabisa. Wamemsahau, au undu wake umebadilika.

Aina ya kuku nayo ina neno lake. Wale kuchi wa Pwani, warefu wenye shingo ndefu na undu mdogo, ni wagomvi wa asili. Mtu akikuletea kuchi kutoka Mombasa kwa sababu ya umbo lake, jua umeleta askari. Na kwa vijana wanaopiganisha majogoo kwa kamari tunasema waziwazi: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kupiganisha wanyama. Tena jogoo aliyezoeshwa vita hafai kurudi kwenye boma la mama yako.

Mgeni ni lazima aje

Mtu atauliza, kama ni shida hivi, si tubaki na jogoo wetu wa zamani? Hapana. Jogoo akikaa miaka mingi atapanda binti zake na wajukuu zake, na vifaranga watazidi kuwa dhaifu, mayai mengine hayataangua. Damu mpya inahitajika. Serikali ililiona hilo zamani. Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Ufugaji wa Kuku ulianza mwaka 1976 kwa msaada wa Uholanzi, na sehemu yake moja ilikuwa kubadilishana majogoo. Mkulima alitoa jogoo wake wa kienyeji, akapewa wa aina iliyoboreshwa. Siku hizi vikundi vingi vinatafuta kuku wa kienyeji walioboreshwa na KALRO pale Naivasha, au wananunua tu jogoo mzuri sokoni Meru.

Tazameni hekima ya mpango ule wa zamani: wa zamani anatoka, ndipo mpya anaingia. Hiyo ndiyo njia iliyo rahisi kuliko zote tutakazosema leo. Muuze jogoo mzee kabla mgeni hajafika. Kama ni Idd au Krismasi inakaribia, bora zaidi. Jogoo mmoja anatosha majike wanane hadi kumi. Mwenye majike tisa na majogoo watatu anakuja kutuuliza dawa ya vita, nasi tunamwambia dawa ni sufuria.

Mgeni akishanunuliwa, msimtie bomani siku hiyo. Huyu ametoka sokoni alikochanganyika na kuku wa kutoka kila upande, amefungwa miguu kwa kamba ya katani, akaning'inizwa kichwa chini kwenye pikipiki. (Mambo ya kuning'iniza tuache. Mbebeni kwenye tenga.) Anaweza kuwa na kideri, yaani Newcastle, bila kuonyesha dalili. Mtengeni mbali na wengine, upande ambao upepo hauvumi kuelekea bomani, kwa wiki tatu, na nne ni bora. Achunguzwe viroboto na utitiri chini ya mbawa. Ahudumiwe mwisho, baada ya kuku wa nyumbani, na anayemhudumia anawe mikono na viatu.

Katika muda huo apewe chanjo ya Newcastle, ile ya tone moja jichoni. Kinga yake haiji siku hiyo hiyo, inachukua kama wiki mbili, na chanjo inarudiwa kila baada ya miezi 3. Chupa moja inatosha kuku wengi na ikishafunguliwa haikai, basi majirani wachange na wachanje siku moja, kuku wote.

Wiki ya mwisho msogezeni karibu. Awe ndani ya kizimba cha wavu, au cha fito kama hakuna pesa ya wavu, katikati ya wenzake. Waonane, wasigusane. Wataanza kwa kurushiana mateke kwenye wavu kutwa nzima. Siku ya nne ya tano utaona wamechoka na mambo hayo, wanakula kila mmoja upande wake. Hapo ndipo muda umefika. Ukifungua mapema kwa sababu mtoto amesema "sasa wamezoeana", utapata hasara.

Watu wengi hapa wanamwingiza mgeni usiku, kuku wakiwa wamelala kwenye vijiti. Ni desturi nzuri, kuku haoni vizuri gizani na hapigani. Lakini usiku si dawa peke yake. Kazi iko alfajiri. Mwenye kuku awe amesimama hapo kabla ya jua, afungue mlango mapema, amwage mtama mahali pengi na si pamoja, na maji yawe katika vyombo viwili au vitatu mbalimbali. Hapa kwetu jua linavyochoma, jogoo anayefukuzwa majini tangu asubuhi atakufa kwa kiu saa nane, na watu watasema ni ugonjwa. Wekeni pia mahali pa kujificha: matawi ya mgunga, debe lililolazwa, ubao ulioegemezwa ukutani. Mgeni akiweza kuondoka machoni pa mwenye cheo, vita vingi vinaishia hapo.

Kama ni majike mnaleta, leteni wawili au watatu pamoja, si mmoja. Mateso yakigawanywa hayamuui mtu. Na mapora, hao majogoo vijana, wakianza kuwika na kufukuzana kwenye miezi mitatu minne hivi, watengwe au wapangwe kuuzwa. Pora aliyekua chini ya baba yake kwa kawaida anamheshimu kwa muda. Siku heshima inapokwisha ni siku moja tu, na haitangazwi.

Vita vikianza

Kudonoa kichwani mara moja na mmoja akakimbia, acheni. Kusimama kifua kwa kifua bila damu, tazameni. Lakini damu ikitoka, au mmoja akibanwa pembeni na mwenziwe anaendelea, au aliyeshindwa amekataa kula na kushuka chini, watenganisheni papo hapo. Kuku akiona nyekundu anadonoa nyekundu, na si wale wawili tu, boma zima litakuja. Tumeona jogoo aliyepigwa na mmoja akamalizwa na majike.

Msiingize mkono wala uso katikati. Ule mwiba wa mguuni, kipi, unatoboa mkono wa mtu vizuri sana, na watoto wanapigwa usoni. Funikeni mmoja kwa tenga au gunia, au mwageni maji, halafu mchukue aliyefunikwa. Mtu akitobolewa, aoshe kwa sabuni na maji mengi na aende zahanati aulize habari ya sindano ya pepopunda.

Sasa majeruhi. Mpelekeni mahali penye kivuli, pa utulivu na giza kidogo. Msimtie chini ya mabati mchana, hapo ni tanuri. Mpeni maji kwanza. Undu hutoa damu nyingi na kuogopesha, lakini mara nyingi jeraha lenyewe ni dogo. Bonyezeni kwa kitambaa safi dakika tano bila kufunuafunua. Kama ni ukucha au ncha ya kipi inatoka damu, bandikeni unga laini wa ngano au wa mahindi na mbonyeze.

Damu ikishasimama, osheni. Chemsheni maji, yapoe, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kijiko kisijae kwa mlima. Mmiminie maji hayo mpaka mchanga na manyoya yatoke. Manyoya yaliyozunguka jeraha yakatwe kwa mkasi yasiingie ndani. Kisha pakeni ayodini iliyochanganywa na maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi. Dawa ya zambarau au ile ya buluu ya kupuliza ya agroveti inafaa pia, tena inaficha wekundu. Ila tahadhari moja: msimpake kichwa kizima zambarau. Tulishasema kuku anajuana kwa kichwa. Mtampaka dawa vizuri, mtamrudisha, na hawatamjua. Kichwani tumieni kidogo, kwa kijiti cha pamba, mahali pa jeraha tu.

Asali nayo ni dawa nzuri ya kidonda, na wako wenzetu wanaorina. Tatizo lake ni sisimizi, basi atakayepakwa asali awe juu ya meza, na miguu ya meza iwe ndani ya makopo ya maji. Lakini oili chafu ya gari, mafuta ya taa, maji ya betri, sabuni ya unga, hayo tunakataa. Yanaunguza nyama mbichi na kidonda hakiponi. Tumeona kidonda cha ukubwa wa shilingi kikawa cha ukubwa wa kiganja kwa sababu ya maji ya betri.

Shimo la kipi linadanganya. Kwa nje ni tundu dogo kama la msumari, ndani ni refu. Msilizibe kwa kitu chochote. Lioshwe kila siku, lipone kutoka ndani. Likizibika juu, usaha unabaki ndani, na usaha wa kuku si maji, unaganda kama jibini. Mkiona uvimbe mgumu, joto na harufu, mwiteni afisa wa mifugo. Msigawanye vidonge vya binadamu vilivyobaki nyumbani. Hamjui kipimo, na mayai ya kuku aliyepewa dawa hayaliwi mpaka siku alizosema daktari ziishe.

Nzi ndiye adui mkubwa kuliko yule jogoo mwingine. Katika joto letu, jeraha likiachwa wazi asubuhi linaweza kuwa na mayai ya nzi jioni, na kesho yake funza. Tazameni mara mbili kwa siku, hasa chini ya mkia na mgongoni, mahali kuku hajiangalii. Mkikuta funza, watoeni kwa kibano, osheni kwa maji ya chumvi mpaka asionekane hata mmoja, na rudieni kesho. Kama nyumbani kuna chandarua kilichochakaa, mfunikeni tenga lake.

Kipi kikivunjika, ganda la nje linang'oka na ndani kunabaki kitu chekundu chenye damu. Wengi wanadhani mguu umevunjika. Hapana. Bonyezeni, osheni, mtengeni, baada ya wiki moja au mbili kitakuwa kigumu, na ganda litaota tena polepole. Wale wenye vipi virefu vyenye ncha, tunashauri kusugua ncha tu kwa tupa mpaka iwe butu. Msikate kwa panga. Ndani ya kipi mna mfupa na damu, kama pembe ya mbuzi.

Jicho lioshwe kwa maji yale yale ya chumvi, yakiwa yamepoa kabisa. Mafuta ya jicho ya tetrasaiklini yanasaidia, muulizeni afisa kwanza. Lakini macho yote mawili yakivimba, au kuna ute unaonuka, hiyo si vita, ni ugonjwa. Vilevile vipele vikavu vyeusi kwenye undu ambavyo mtu anasema "alidonolewa" mara nyingi ni ndui ya kuku. Nayo hupenda kuingia kwa njia ya mikwaruzo, kwa hivyo unaweza kupata vyote viwili. Na jogoo aliyepinda shingo anaweza kuwa amepigwa kichwani, ni kweli. Lakini akipinda shingo wa pili ambaye hakupigana, simamisheni kila kitu, msiuze, msimpelekee shangazi zawadi. Hiyo huenda ni Newcastle.

Kuna majeruhi ambaye hatapona. Mfupa umetokeza nje, tumbo limetoboka, hawezi kusimama siku ya pili. Kumwacha ateseke kwa sababu ni wa bei ghali si huruma. Achinjwe mapema, akiwa hai na mwenye nguvu, na kama hajapewa dawa yoyote wala hana ugonjwa, aliwe. Hapa Isiolo tunaishi pamoja, basi jirani Mwislamu aitwe achinje yeye, ili kila mwanakikundi aweze kula. Ukingoja mpaka afe mwenyewe, wengine hawatakula, na wewe hufai kula.

Aliyepona harudi kwa kutupwa juu ya ukuta. Kama alitengwa siku mbili tatu ndani ya boma lile lile, akiwa anaonekana, afunguliwe asubuhi wakati wa kula. Kama ni zaidi ya wiki, apitie wavu tena kama mgeni. Asirudi na kigaga chekundu, hata kidogo. Na yule aliyempiga, tunashauri yeye ndiye atolewe siku chache awekwe peke yake, mwenziwe apate nafasi. Akirudi atamkuta mwenyeji.

Mama mmoja ametuuliza pale nyuma kama jogoo mwenye jicho moja bado ana faida. Anayo. Atapanda majike kama kawaida na vifaranga watazaliwa na macho mawili. Ila mtieni chakula upande wa jicho zima, mmsogelee kutoka upande huo asishtuke, na msimweke na jogoo mwingine yeyote, hata pora, maana hataona teke likija.